Neno la Mbuzi

Jumatatu, 6 Mei

Daftari hili si lile la mkaguzi. Lile lina muhuri wa shule, na humo nitaandika "wanafunzi walishiriki vizuri" kila Ijumaa. Hili nimelitoa kwenye kabati la mke wangu. Yeye ni mshonaji, na kurasa tatu za mwanzo zina viuno na mabega ya watu nisiowajua. Humu nitaandika kilichotokea kweli.

Leo mwalimu mkuu ametangaza kwamba darasa la nne litafundishwa kwa lugha mbili. Watoto ni arobaini na watatu, na ishirini na sita kati yao wametoka machimboni, kule ambako wazazi wao walihamia kupasua mawe. Nyumbani wanazungumza lugha yao, na Kiswahili wanakikuta getini.

"Asubuhi lugha yao, baada ya mapumziko Kiswahili," alisema. "Na vipindi vyote vya kuzungumza viwe vya maigizo."

"Maigizo?" niliuliza. "Tumekuwa wachekeshaji?"

"Mwalimu, ni agizo. Utashirikiana na huyu binti."

Huyu binti ni mwalimu mpya. Amezaliwa katika lugha ile na ameajiriwa kwa sababu hiyo. Watoto wameshampa jina, Mwalimu Dada. Ana miaka ishirini na nne. Mimi nina miaka thelathini na moja ya kufundisha sarufi peke yake.

Jumanne, 7 Mei

Mvua imeanza. Bati la darasa la nne halina dari. Hakuna aliyesikia neno, pamoja na mimi niliyekuwa nikisema.

Jumatatu, 13 Mei

Igizo la kwanza lilikuwa soko. Mwalimu Dada alipanga madawati mawili yawe meza, akaweka vijiwe badala ya vitunguu. Muuzaji alikuwa yule msichana wanayemwita Meneja, maana anapenda kuamrisha. Mnunuzi alikuwa mtoto mmoja mpole wa machimboni.

"Vitunguu hizi ni nzuri," alisema Meneja.

"Vitunguu hivi ni vizuri," nilisema kutoka dirishani.

"Vitunguu hivi ni vizuri. Imetoka shambani leo."

"Vimetoka."

"Vimetoka. Nikupe ngapi?"

"Vingapi!"

Mnunuzi alimtazama Meneja, akanitazama mimi, akarudisha kijiwe mezani. "Basi sitaki tena vitunguu," alisema, akaenda kukaa. Darasa lilicheka mpaka likapiga madawati.

Baadaye Mwalimu Dada alinifuata ofisini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo?"

"Ile ilikuwa ya heshima. Hii ni ya kuomba ruhusa nikuambie jambo." Akakaa. "Umewasahihisha mara tisa kwa dakika nne. Nimehesabu. Mnunuzi ameondoka na soko limefungwa."

"Kwa hiyo niwaache wakosee?"

"Hapana. Ila ukitaka kusahihisha, ingia sokoni. Uwe mtu. Mtu anayesahihisha kutoka dirishani, sokoni hayupo."

Nilitaka kumjibu jibu la mtu mwenye miaka thelathini na moja kazini. Badala yake nimerudi nyumbani nikiwaza: mimi mwenyewe nilijifunza kusema kwa kusahihishwa na nani?

Alhamisi, 16 Mei

Nimeingia sokoni. Nilikuwa babu mwenye masikio mabovu.

"Vitunguu hizi ni nzuri, babu."

"Ati nini, mjukuu wangu? Hizi au hivi? Sisikii."

Meneja aliinama kuvitazama vijiwe. Nyuma yake darasa zima likapaza sauti kuishinda mvua: "Hivi, babu! Vitunguu hivi! Vizuri!"

Kanuni hiyo nimeiandika ubaoni mara nisizojua idadi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia ikipigiwa kelele kwa furaha. Kesho daftari la mkaguzi nitaliandikia mstari mmoja tu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimegundua kwamba wanafunzi wananiita Mwalimu Ngeli. Nilipomweleza mke wangu alicheka. Alikuwa analijua jina hilo tangu zamani.

Jumatano, 22 Mei

Mwalimu Dada amenigeuzia kibao. Leo nilikuwa mgeni niliyepotea, natafuta hospitali, na kila mtu darasani aliruhusiwa kusema lugha ya machimboni tu.

Sikuelewa kitu. Nilisimama katikati ya darasa langu mwenyewe na jasho likanitoka. Watoto niliowahi kuwaambia "sema haraka, tunakusubiri" walisema haraka, nao wakanisubiri. Ni jambo la aibu kuliko nilivyodhani. Ulimi haujui uende wapi, na watu wanaanza kukuona mjinga, nawe unaanza kukubaliana nao.

Aliyeniokoa ni msichana wa dawati la karibu na dirisha. Wenzake wanamwita Kasuku kwa sababu anasema lugha zote mbili bila kupumua. Ana miaka kumi, mwembamba, sare yake safi kuliko za wote. Alinishika mkono, akasema maneno matatu tu, akayarudia, akaonyesha, kisha akasubiri. Nilipolitamka la kwanza alitikisa kichwa taratibu, akalisema tena. Alisubiri tena.

Miaka yote hii mimi sijawahi kumsubiri mtoto kiasi kile.

Jumanne, 28 Mei

Mwalimu mkuu anasema darasa la nne lina kelele kama gari la mabati. Nimemwambia ni mvua. Ilikuwa nusu ya kweli.

Alhamisi, 30 Mei

Leo tumeigiza hospitali. Daktari anajua Kiswahili tu, mgonjwa anajua lugha ya machimboni tu, na katikati yao amekaa mkalimani. Hakukuwa na haja ya kupiga kura, Kasuku alisukumwa mbele na wenzake.

Daktari alikuwa Meneja, na karatasi imezungushwa shingoni kama kipimo. Alimgonga mgonjwa magoti, akamwangalia meno, akasema kwa uzito: "Una ugonjwa mkubwa. Lazima tukupasue tumbo kesho."

Kasuku alimgeukia mgonjwa, akasema sentensi mbili fupi. Wa machimboni wote wakacheka. Mimi nikamtazama Mwalimu Dada. Alininong'oneza: "Amemwambia, daktari anasema unaendelea vizuri, kula mboga za majani, urudi mvua ikiisha."

Nilicheka na mimi. Kumbe ni mchekeshaji.

Jumatatu, 3 Juni

Hospitali tena, wameiomba wenyewe. Mgonjwa mwingine, na daktari akawa mwingine. "Tutakupasua mgongo," alisema daktari.

Kasuku akatafsiri. Nilimtazama Mwalimu Dada. "Yaleyale," alisema. "Mboga za majani, urudi mvua ikiisha."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Jumanne, 4 Juni

Mvua ya siku nne mfululizo. Njia ya machimboni ni tope tupu na watoto wanakuja wamebeba viatu mkononi.

Leo nimefanya makusudi. Nilikuwa daktari mwenyewe. Nilimpa mgonjwa homa, Kasuku akatafsiri vizuri, mpaka mara za kumeza dawa. Nikampa mgonjwa jino bovu, akatafsiri, tena akaongeza mzaha wa kwake kuhusu sukari. Nikasema mguu umevunjika, lazima upasuliwe. Akasita. Kisha, kwa sauti ileile, mboga za majani, urudi mvua ikiisha.

Mtoto anayebuni kila kitu, kwa nini habuni hapo? Kila mahali pengine maneno yake ni mapya. Hapo tu ni kama anasoma mahali palipoandikwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nitaandika yote, hata sehemu ninayoionea haya.

Mwalimu Dada ana mchezo wa kiti. Mtu anakaa mbele kama mhusika, na darasa linamuuliza maswali. Nilitaka kumkalisha Kasuku nimuulize kwa nini. Mwalimu Dada alinizuia mlangoni. "Usimweke mtoto kwenye kiti hicho kwa sababu wewe una hamu ya kujua," alisema. "Kaa wewe." Nilikasirika kidogo, halafu nikakaa mimi.

Nikasema: "Mimi ni mkalimani. Daktari amesema mgonjwa apasuliwe. Nisemeje?"

Mikono ilinyooshwa. Mmoja alisema nimwambie tu. Mwingine akasema nimwambie polepole. Ndipo kutoka dirishani nikamsikia Kasuku, bila kunyoosha mkono: "Mwambie arudi mvua ikiisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu neno lenyewe ni la mbuzi."

Watoto wa machimboni waliangua kicheko, wakaanza kulitamka na kupitisha kidole shingoni. Mwalimu Dada hakucheka. Alinieleza kwamba ni kweli. Katika lugha yao kukata mwili kwa kisu kuna neno moja tu, na ni lile la kuchinja.

"Sasa nitamwambiaje mama kwamba wanataka kumchinja?" alisema Kasuku.

Hakusema mgonjwa. Alisema mama. Nikasema muda umekwisha, nikawatoa mapumziko dakika saba kabla ya kengele.

Kasuku alibaki anafagia, ingawa haikuwa zamu yake. Mwalimu Dada akachukua ufagio wa pili. Walifagia pamoja, mimi nikijifanya nasahihisha. Walipofika karibu na mlango Mwalimu Dada aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Mama anaumwa nini?"

Ilitoka vipandevipande. Mama yake ana uvimbe tumboni. Mwezi wa nne walikwenda hospitali, muuguzi anayejua lugha yao alikuwa likizo, daktari akamwambia mtoto amweleze mama. Kwamba ni lazima apasuliwe. Kwamba uvimbe ukiachwa utazidi kukua. Mtoto akafungua mdomo, na neno lililokuja lilikuwa la mbuzi. Akalimeza, akasema mengine.

"Na mvua je?" niliuliza.

"Nilitaka siku yenyewe iwe mbali."

Akafungua begi. Ndani ya jalada la daftari lake la hesabu, katikati ya karatasi na nailoni, kulikuwa na barua ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Mgonjwa afike kulazwa Jumatano, tarehe 19 Juni, asubuhi.

"Mama anaendeleaje siku hizi?" aliuliza Mwalimu Dada.

"Anakaa chini mara nyingi. Zamani alikuwa hakai."

Siku kumi na tatu. Nilisimama nichukue koti twende machimboni saa ileile. Mwalimu Dada alinishika mkono. "Ukimwambia wewe, mwanawe anakuwa mwongo mbele ya mama yake. Aseme mwenyewe."

"Hana neno la kusemea!"

"Basi tumtafutie. Si ndiyo kazi yetu?"

Ijumaa, 7 Juni

Kazi ya nyumbani ya darasa la nne kwa siku mbili hizi: muulize mtu mzima, ukitaka kusema daktari amempasua mtu, na hutaki neno la mbuzi, utasemaje? Wasiojua lugha ya machimboni watafute la Kiswahili, la kumwelezea mtoto wa miaka mitatu. Hatukutaja jina la mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Majibu yamejaa ubao. Baba mmoja ametoa neno lao la kupasua jiwe. Darasa lilibishana nusu saa, kisha wakalikataa, kwa sababu jiwe likishapasuka halirudi kuwa moja. Bibi mmoja ametoa neno la kufungua gunia. Meneja alisema gunia huwa linafunguliwa ili litolewe vitu vyote, kwa hiyo ni baya zaidi. Shangazi aliyezaa mapacha kwa kisu alisema yeye husema "walinifungulia mlango". Hilo walilipenda, lakini mtoto mmoja akauliza: mlango ukibaki wazi je?

Sijawahi kuona watoto wa miaka kumi wakipima maneno hivi, moja baada ya jingine, kama fundi anayechagua msumari. Kasuku alikuwa akisikiliza kwa shingo yote.

Nilimsimulia mke wangu alipokuwa anakunja kitambaa. Hakuinua hata kichwa. "Sisi mafundi hatusemi tumepasua nguo ya mteja," alisema. "Tunasema tumeifumua. Ukifumua, kila mtu anajua unarudi kushona."

"Rudia."

"Kufumua na kushona, Baba Watoto. Masikio yako kweli mabovu."

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda shuleni na gauni kuukuu la mke wangu lenye kiraka ndani. Mwalimu Dada alifumua mshono mbele ya darasa, akatoa kiraka, akashona. Kisha akawauliza kwa lugha yao: nimefanya nini? Ishirini na sita wakajibu kwa pamoja, maneno mawili. Yapo! Yalikuwepo siku zote, kwa mafundi.

Kasuku alisimama. Akamwambia Meneja: "Wewe kaa, uwe mgonjwa." Akatafsiri ugonjwa wote, mwanzo mpaka mwisho, na alipofika pale hakusita. Alifumua na kushona hewani kwa vidole. Hapakuwa na mboga za majani.

Jumatano, 12 Juni

Tumekwenda machimboni watatu baada ya masomo, mvua nyepesi. Mama yake Kasuku alikuwa anafua sare ya shule mlangoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mwanamke mrefu, mabega ya kazi, na alipotuona aliweka mkono tumboni kabla ya kutukaribisha.

Kasuku alisimama mbele yake kama yuko darasani. Alianza kusema. Mwalimu Dada alinitafsiria chini kwa chini, ila sikuhitaji. Nililijua kila neno lake, nilikuwa nimelisikia jana. Alitoa barua. Alifumua na kushona kwa vidole. Kisha akangoja.

Mama alikamua sare, akaikung'uta, akaianika ndani ya mlango. Ndipo akasema.

"Anasema alijua," alisema Mwalimu Dada.

"Alijua nini?"

"Daktari alijichora mstari tumboni kwa kidole, kutoka hapa hadi hapa, akahesabu siku kwa vidole. Halafu mwanawe akamwambia ale mboga za majani. Anasema, nilimtazama mwanangu usoni, nikaona amebeba kitu kizito, nikaogopa nikimsemesha atakiangusha. Nikasema moyoni, haya, tule mboga." Mwalimu Dada aliendelea. "Anasema pia, na mimi nilikuwa naogopa, mwalimu. Uongo wake ulinifaa."

Nilidhani mtoto atafurahi. Hakufurahi. Alikasirika mpaka akalia, akamfokea mama yake kwa lugha yao, na maana yake niliielewa bila msaada: kwa hiyo wiki zote hizi nilikuwa peke yangu bure? Mama alimvuta, akamkalisha pajani ingawa ni mkubwa. Sisi tuliondoka.

Alhamisi, 13 Juni

Imekubaliwa. Mwalimu Dada ataongozana na mama hospitali. Kasuku atakaa shuleni siku hiyo. Mama yake amesema safari hii yeye awe mtoto tu.

Jumanne, 18 Juni

Mwalimu Dada ana malaria. Nimempelekea maji ya machungwa na kumkuta anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Alijaribu kuinuka. "Kesho nitakwenda hivyohivyo, mzee wangu."

"Utakwenda wapi na meno yanagongana? Nitakwenda mimi."

"Na lugha?"

"Nina maneno sitini hivi."

"Na la mshono?"

Nilimtamkia. Alinirekebisha mara mbili, kisha akalala.

Jumatano, 19 Juni

Tulifika hospitali saa mbili, mama yake Kasuku, wifi yake aliyebeba vyombo, na mimi. Wifi anajua Kiswahili cha salamu tu. Yule muuguzi wa lugha yao amehamishwa. Muuguzi wa wodi alitutazama wote watatu.

"Nani anamsemea mgonjwa?"

"Mimi."

"Unaijua lugha yao?"

"Kidogo. Na nina mikono."

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka na adabu. Alifungua faili. "Muulize, amekula chochote tangu jana jioni?"

Neno la kula ninalo. Neno la jana ninalo. Niliyaunganisha nilivyoweza. Mama yake Kasuku alinitazama, nyusi zikapanda, kisha akafunika mdomo kwa mkono na mabega yakatikisika. Alicheka! Akajibu kwa kutikisa kichwa: hapana.

"Hajala," alisema daktari, akaanza kuandika.

Nilitaka kumshukuru Mungu nikae. Lakini wiki zile zote za darasani zimenifundisha kwamba jibu la kwanza linaweza kuwa jibu la swali jingine. Mwalimu Dada huwaambia watoto: uliza kwa njia ya pili. "Ngoja kidogo, daktari," nilisema.

Nilitafuna hewa na kumeza. Alitikisa kichwa, hapana. Nikashika kikombe kisichokuwepo, nikanywa. Alikubali kwa furaha, akanyoosha vidole viwili. Vikombe viwili. Maji? Nilimwonyesha maji yanavyomiminika. Hapana. Akashika mwiko usiokuwepo, akakoroga sufuria zito, akapuliza moto.

"Daktari, amekunywa uji. Vikombe viwili."

Kalamu ilisimama. "Saa ngapi?"

Saa sina neno lake. Nilinyoosha kidole dirishani, nikapandisha jua, nikashusha jua. Alinielewa, akafikiri, kisha mwanamke yule mwenye heshima zake, katikati ya wodi ya watu kumi na wawili, akawika kama jogoo. Wagonjwa waliinuka kwenye mito.

"Leo alfajiri," nilisema.

Daktari alifunga faili. "Uji kwake si kula. Ni kunywa." Alijishika paji la uso. "Tungemlaza usingizi na uji tumboni, ungeweza kupanda ukaingia mapafuni. Bora umeuliza, mzee." Akamhamishia kesho asubuhi, na akaniomba nimweleze mama upasuaji wenyewe ili aweke dole gumba kwenye fomu ya kukubali.

Nilisema yale maneno mawili. Mama yake Kasuku alinisahihisha mwanzo wa la kwanza. Nikarudia. Akanisahihisha mwanzo wa la pili. Kumbe lugha yao nayo ina ngeli! Kila sentensi niliyoanza aliinyoosha, taratibu, akingoja niseme tena, nami nikasema tena, na muuguzi akawa anatabasamu pembeni. Mwisho nikamwomba kwa mikono anionyeshe alichoelewa. Alishika upindo wa nguo yake, akaufumua kwa kucha zisizoonekana, akatoa kitu kidogo, akakitupa mbali, mbali sana, kisha akashona kwa uzi mrefu na kukata kwa meno. Akanipa dole gumba lake nimwelekeze pa kuliweka.

Nikaliongoza hadi kwenye mstari wa sahihi.

Alhamisi, 20 Juni

Darasa la nne liliandika insha kimya tangu asubuhi. Saa saba mwalimu mkuu alikuja mlangoni mwenyewe, amepokea simu. Uvimbe umetolewa. Ameamka, ameomba maji.

Kasuku alisema "asante, mwalimu", akainama, akaendelea kuandika. Mstari aliokuwa akiuandika ulikuwa umelowa machozi.

Jumatatu, 24 Juni

Tumeigiza kituo cha mabasi. Niliposema tunahitaji mkalimani, watoto walimtazama Kasuku. Alitikisa kichwa. Alitaka kuwa abiria aliyelala. Nikampa. Alilala dakika kumi na tano bila kufumbua jicho, na Meneja akawa mkalimani, vibaya sana, kwa bidii sana.

Mwalimu Dada amerudi, amekonda. Nilimsimulia ya jogoo. Akasema: "Ungeweza kuridhika na jibu la kwanza." Nikamwambia mwezi wa tano ningeridhika.

Jumanne, 2 Julai

Jua siku nzima. Watoto wamecheza nje mpaka sare zikawa rangi ya ardhi.

Ijumaa, 5 Julai

Mama yake Kasuku alitoka hospitali wiki iliyopita. Leo nilikuwa nimepanga kwenda kumtazama na Mwalimu Dada, na mke wangu amemshonea nguo pana isiyobana mshono. Kabla ya kengele ya mwisho, Kasuku alikuja mezani kwangu, akasimama wima.

"Mwalimu, nimetumwa na mama."

"Haya, sema."

"Ameniambia nifikishe yote, nisipunguze wala nisiongeze."

"Nakusikiliza."

Alivuta pumzi. "Mama anakusalimu sana. Anasema anakushukuru, na anamshukuru mke wako kabla hajaiona nguo. Anasema siku ile hospitali hukumuuliza kama amekula tangu jana. Ulimuuliza," na hapa sauti ikaanza kumtoroka, akaishika, "ulimuuliza kama yeye jana alimla mtu."

Mwalimu Dada aligeukia ubao na kuanza kufuta mahali pasipoandikwa kitu.

"Yeye akajibu hapana, maana hajamla mtu," aliendelea Kasuku. "Na anasema leo usije. Watu wote wa machimboni wameshasimuliwa, na yeye akikukumbuka tu anacheka, na akicheka mshono unauma. Uje wiki ijayo, na ukija usiseme neno lolote la kwetu mpaka akae vizuri."

"Ndiyo hayo tu?"

Alifikiri, akahesabu kwa vidole, akarudi kwenye kidole kimoja alichokuwa amekiruka. "Kuna na lingine. Amesema wewe ni mzee mzuri, lakini unasema kama mtoto wa miaka miwili." Akanitazama usoni kuona limepokelewaje. "Ndivyo alivyosema, mwalimu. Lote."